Bahasha za Wodi ya Giza

Wodi ya pepopunda katika hospitali ya Nishindapur haikufunguliwa dirisha hata siku moja. Mapazia yake yalikuwa meusi, mazito, na kila aliyeingia alivua viatu mlangoni, kuanzia daktari hadi mfagiaji. Kijiko kikidondoka sakafuni ilitosha: mgonjwa alikakamaa mwili mzima, mgongo ukapinda kama upinde, meno yakasagana, na mara nyingine pumzi ikatoka isirudi. Kwa sababu hiyo Kanaklata Haldar, muuguzi mkuu wa wodi ile, alikuwa amezoea kunong'ona, hata nyumbani kwake. Mama yake alikuwa akimkemea: "Sema kwa sauti, mwanangu! Humu hamna maiti."

Kanaklata alikuwa na miaka thelathini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika giza lile. Wagonjwa wake walikuwa wakulima wa juti, zao la nyuzi za magunia, waliojikata kwa mundu wakiwa ndani ya maji machafu, waliokanyaga misumari, na wanawake waliojifungulia nyumbani wakakatiwa kitovu cha mtoto kwa kipande cha mwanzi. Katika kila kumi waliopokewa, watano walitoka wamefunikwa shuka. Aliwajua watakaokufa kabla daktari hajawagusa. Alitazama jasho la kwenye mdomo wa juu, akatazama jinsi mtu alivyokuwa akimeza mate, akajua.

Daktari wa wodi, Bimalendu Sanyal, alikuwa na wazo lililomkosesha raha. Dawa ya kuzima sumu ya pepopunda ilikuwa ikichomwa kwenye nyama ya paja. Yeye aliona heri nyingine iingizwe moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, karibu na mahali sumu inapofanya kazi yake. Alijaribu kwa wachache, akaona kama wanapona zaidi. Lakini wakubwa wa Kalkuta walimwandikia kwamba kuona kama si kuona. Afanye jaribio: nusu ya wagonjwa wapate sindano ya paja peke yake, nusu waongezewe ya mgongo, kisha wahesabiwe walio hai.

Mwanzoni aligawa kwa tarehe. Tarehe witiri zilikuwa za mgongo, tarehe shufwa za paja. Haukupita mwezi mji mzima ukajua. Watu walimlaza mgonjwa wao kwa shemeji mjini, taya limekaza, wakingoja kupambazuke tarehe wanayoitaka. Na Sanyal mwenyewe, akiletewa kijana siku ya paja, alikuwa akipata sababu ya kumwacha nje ya jaribio ili amchome atakavyo.

Ndipo alipokuja kutoka Kalkuta mtaalamu wa takwimu, Nilratan Guha, mtu mwembamba asiyeachana na mwavuli wake. Alilisoma daftari la tarehe, akalifunga.

"Bwana daktari," alisema, "ukishajua kesho ni zamu ya nini, leo umeshaanza kuchagua. Hata ukiapa kwa mungu wetu Mama Kali."

"Kwa hiyo unaniita mwongo?"

"Nakuita binadamu. Mwongo ningemweza."

Aliacha sanduku lenye bahasha mia mbili, zimegundishwa, kila moja na namba yake. Ndani ya nusu yake mlikuwa na kadi yenye mhuri mwekundu, maana yake mgongo. Nyingine kadi zake zilikuwa nyeupe. Mpangilio aliupata kutoka kwenye kitabu kilichojaa tarakimu ukurasa baada ya ukurasa, tarakimu zisizofuatana kwa kanuni yoyote, hata mwenye akili kuliko wote asiweze kubashiri inayofuata. Mgonjwa akishapokewa na kuandikwa, ndipo bahasha ya namba inayofuata ichukuliwe, ifunguliwe mbele ya daktari, na neno liwe lile. Sanduku lilifungiwa kabatini, na ufunguo akapewa Kanaklata, ambaye aliufunga kwenye ncha ya sari yake pamoja na funguo za nyumbani.

"Sista," Guha alimwambia, "kazi hii nzima iko mikononi mwako." Alisema kwa heshima, na Kanaklata alifurahi kusikia hivyo.

Ndugu za wagonjwa hawakufurahi. Mzee mmoja, alipoelezwa kwamba zipo njia mbili na hakuna ajuaye iliyo bora, alimtazama Sanyal juu mpaka chini. "Ulisoma miaka mingapi, bwana daktari?"

"Kumi na minane."

"Miaka kumi na minane, halafu unakuja kuiuliza karatasi!"

Kanaklata aligundua siri ya bahasha bila kuitafuta. Wodini hakukuwa na mwanga wa kusomea, kwa hiyo alitoka nayo barazani kuangalia namba. Mwaka ule karatasi ilikuwa adimu, na zile bahasha zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Jua lilipopiga kwa nyuma, aliona doa jekundu limejitokeza ndani, kama damu chini ya ngozi. Aliishusha haraka akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu ila Mokshada, mhudumu mzee, akikamua tambara.

"Umeona nyoka?" Mokshada alimuuliza.

"Jua limenipiga machoni."

Kwa wiki kadhaa hakufanya lolote. Alijua tu, dakika mbili kabla ya daktari kujua, na kujua huko kulimkaa kifuani. Wagonjwa watano wa kwanza wa kadi nyekundu, wanne walirudi kwao kwa miguu yao. Aliwasindikiza hadi lango. Wa kadi nyeupe wakati huo huo walikufa watatu kati ya watano. Guha angemwambia kwamba watu wachache namna hiyo hawathibitishi kitu. Lakini Guha alikuwa Kalkuta, na aliyekuwa akiwafunga maiti taya kwa kitambaa ni yeye.

Asubuhi moja ya Srabon, mwezi wa mvua nyingi, mvua imekatika na jua kali limetoka, aliletwa kinyozi wa sokoni, Haripada Sheel. Alikuwa amekanyaga msumari wiki tatu kabla. Taya lake lilikuwa limeanza tu kukaza, na alikuwa bado akitembea.

"Dada," alisema kupitia kwenye meno, "niandike vizuri. Mimi ndiye kinyozi wa kwanza duniani aliyenyamaza."

"Usiongee, kaka. Unajichosha."

"Mke wangu ameenda hekaluni kushukuru. Miaka kumi na mitano alikuwa akiomba nifungwe mdomo."

Kanaklata alicheka bila sauti. Akamwandika, akaenda kabatini akachukua bahasha namba thelathini na moja. Alipofika barazani akaiinua. Nyekundu. Alikuwa akigeuka kuipeleka kwa daktari pale mkokoteni wa ng'ombe ulipoingia uani.

Juu yake, kwenye nyasi, alilala msichana wa miaka kumi na tisa, Rabeya, aliyejifungua siku saba zilizopita. Baba yake, Kalimuddin, alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili. Gurudumu lilipogonga jiwe, msichana alijipinda mpaka ni kisigino na kisogo tu vilivyogusa nyasi. Macho yake yalikuwa wazi. Pepopunda haipumbazi akili. Mtu huyajua yote yanayompata.

"Mama yangu," Kalimuddin alimwambia Kanaklata, ingawa kwa umri yeye ndiye angeweza kumzaa, "mama, wanasema mna sindano ya mgongo. Mpe hiyo. Mtoto wake ni wa siku saba."

"Si mimi ninayeamua, baba."

"Nani basi? Nionyeshe nikamshike miguu."

Kanaklata alirudi kabatini. Alitoa namba thelathini na mbili, akaielekeza kwenye ufa wa dirisha. Nyeupe, safi kama wali.

Alisimama na bahasha moja kila mkono. Kinyozi alikuwa kwenye benchi, akimfanyia Mokshada ishara za mzaha kwa vidole. Jeraha la wiki tatu, taya limekaza kidogo: wa namna hiyo wengi hupona hata kwa dawa ya paja. Msichana alikuwa na siku moja, pengine mbili. Akajiambia kwamba haibi kitu, anabadilisha zamu tu. Mwenye mvua nyingi apewe mwavuli. Akarudisha namba thelathini na mbili. Kwenye daftari alifuta saa ya kuingia ya Haripada, akaandika kwamba Rabeya ndiye aliyetangulia. Nusu saa, basi. Daktari Sanyal akaifungua thelathini na moja, akaiona nyekundu, akamchoma msichana mgongoni. Kinyozi akapata thelathini na mbili.

Rabeya alikaa siku ishirini na sita gizani, kisha akatoka akiegemea bega la baba yake, na maziwa yamemkauka lakini yu hai.

Haripada Sheel alikufa siku ya sita. Mshtuko ulimkamata koo wakati Mokshada akimnywesha maji ya mchele, na hewa haikupita tena. Mke wake, Bindubasini, alimshukuru Kanaklata kwa kumtunza, akabeba viatu vya marehemu mkononi, akaenda.

Kanaklata hakulala vizuri wiki ile. Lakini alijiambia kwamba hata wenye hali nyepesi hufa, na kwamba msichana yu hai, mtoto ana mama. Na aliyefanya mara moja hakuona ugumu wa mara ya pili. Kulikuwa na siku alizobadilisha bahasha mbili, na siku nyingine aliichelewesha kalamu mpaka mgonjwa wa pili afike ndipo aandike wote kwa mpango wake. Wenye hali mbaya wakapata nyekundu. Wenye nafuu wakapata nyeupe. Hakuna aliyemwona. Alikuwa akihisi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, kwamba anafanya jambo zaidi ya kufunika watu shuka.

Ilipita miaka miwili na miezi kadhaa. Bahasha ya mia na arobaini ilipofunguliwa, Kalkuta waliomba hesabu ya katikati, na barua ya majibu ikamkuta Sanyal akinywa chai ofisini. Wa sindano ya mgongo walikuwa sabini, wamekufa arobaini na mmoja. Wa paja peke yake walikuwa sabini, wamekufa ishirini na tisa. Jaribio lisimamishwe mara moja. Sindano ya mgongo inaua.

Sanyal alimwita Kanaklata akampa barua aisome mwenyewe. Uso wake ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyeugua.

"Kumi na wawili zaidi," alisema. "Nimewachoma kwa mkono huu, Kanak. Wangeachwa, wangekuwa majumbani mwao."

"Siyo hivyo, bwana daktari."

"Siyo hivyo vipi? Hesabu hiyo hapo."

Maneno yalimfika Kanaklata kwenye ulimi yakarudi. Alitoka, akaenda kusimama barazani, akashika nguzo. Sasa aliliona jambo lote. Aliwakusanya wanaokufa, mmoja mmoja, kwa huruma, akawaweka upande mmoja. Wangewezaje kutokufa? Sindano imetwikwa mzigo wa watu waliokuwa wamekwisha kwenda. Lakini je, iliwasaidia kidogo? Au iliwaharakisha? Alijaribu kufikiri juu ya Rabeya, na kwa mara ya kwanza hakujua kama Rabeya alipona kwa ile sindano au angepona vivyo hivyo.

Siku tatu baadaye Guha aliwasili mwenyewe, viatu vimejaa tope. Alikuwa na jedwali moja tu. Alilitandaza mezani mbele ya Sanyal na kumwomba Kanaklata afunge mlango, naye akaufunga, akabaki ndani.

"Pepopunda inayokuja haraka baada ya jeraha ndiyo mbaya, sivyo?" Guha alianza. "Nimewatafuta walioanza kuugua ndani ya wiki moja. Ni arobaini na saba. Kwa bahasha zangu, nilitegemea ishirini na tatu huku, ishirini na nne huku. Kwa bahati mbaya sana, thelathini huku, kumi na saba huku." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Waliopata mgongo ni thelathini na wanane. Paja, tisa. Bwana daktari, ukirusha sarafu mara arobaini na saba ikaangukia upande mmoja mara thelathini na nane, utaitazama sarafu au utautazama mkono?"

Sanyal alielewa polepole. Damu ilimpanda usoni. "Unasema nimechezea?"

"Ulichezea tarehe."

"Tarehe, ndiyo! Bahasha sijazigusa. Huletewa, nafungua. Muulize Sista."

"Wazo lilikuwa lako. Uliitaka sindano ishinde."

"Ningeitaka ishinde ningeipa wanaokufa? Una wazimu?"

"Wenye huruma huipa wanaokufa," Guha alisema. "Wenye hila ndio huipa wazima."

Nje mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu. Kanaklata alitazama mikono ya Sanyal juu ya meza, na akajua kwamba akikaa kimya sekunde chache zaidi atakaa kimya maisha yake yote.

"Ni mimi," alisema kwa mnong'ono.

"Nini?"

"Ni mimi. Ukizishika kwenye jua, zinaonekana."

Alieleza yote, amesimama, ufunguo ameushika kwenye ncha ya sari. Guha hakumkatiza. Alichukua bahasha moja iliyobaki, akaenda dirishani, akavuta pazia, akaiinua. Alikaa hivyo muda mrefu, mwavuli wake umeanguka sakafuni.

"Karatasi hii niliichagua mimi," alisema hatimaye. "Nyingine haikupatikana."

"Mara ngapi, Kanak?" Sanyal aliuliza.

"Sikuhesabu, bwana daktari. Arobaini. Pengine hamsini."

Sanyal alivua miwani akaiweka juu ya jedwali. "Na mimi nakaa pale nafungua, nasema, ah, bahati imemwangukia huyu. Miaka miwili. Kama mpumbavu wa kwenye mchezo wa jukwaani."

"Niliona wanapona..."

"Uliona!" Aliinua sauti, akakumbuka wodi iko ukuta wa pili, akaishusha. "Sote tuliona. Ndiyo sababu zikaletwa bahasha."

Kanaklata alimgeukia Guha. "Wewe unajua hesabu. Watenganishe. Wapime wabaya kwa wabaya na wepesi kwa wepesi. Siku za jeraha zimo daftarini."

"Nimejaribu kwenye treni," Guha alisema, bila ukali. "Kwa siku za jeraha, njia zote mbili zinafanana. Lakini wewe hukutazama siku peke yake, Sista. Ulitazama nini?"

Akafikiri. "Jasho. Jinsi anavyomeza. Macho."

"Yameandikwa wapi?"

"Hayakuandikwa popote."

"Basi siwezi. Pengine sindano inaponya na umeificha. Pengine inaua na umeificha. Watu mia na arobaini, na ninachojua leo ni kilekile nilichokijua kabla ya wa kwanza."

Habari ilizuiwa isitoke nje ya hospitali. Hakufukuzwa, kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache, ila Sanyal aliomba asimwone tena wodini, na Kanaklata akapelekwa chumba cha kufungia vidonda, chenye madirisha mawili makubwa na kelele za watoto tangu asubuhi. Bahasha sitini zilizobaki Guha aliondoka nazo. Wakubwa wa Kalkuta hawakukubali kuanza upya. Walisema Nishindapur imekwisha pewa nafasi yake. Sanyal aliacha kuchoma mgongoni. Alipoulizwa kama ni mbaya, alisema hajui, na alipoulizwa kama paja ni bora, alisema hajui vilevile, na watu wakaanza kunong'ona kwamba daktari yule akili zimemchoka. Mwaka haukuisha, akaomba uhamisho.

Kabla daktari hajaondoka, Kanaklata alikwenda nyumbani kwa Haripada Sheel. Hakutumwa na mtu. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko la samaki. Bindubasini alikuwa amekaa kibarazani katika sari nyeupe ya ujane, akikata popoo za tambuu kwa mkasi wake. Alimtambua mara moja, akampangusia kigoda, akamletea bisi za mchele kwenye sahani.

"Kula, dada. Umekonda."

Kanaklata alimweleza. Alieleza vibaya, akarudia, akaeleza habari ya bahasha, ya jua, ya msichana juu ya mkokoteni. Mkasi ulikuwa ukikata, kisha ukaacha kukata.

"Kwa hiyo ile ya mgongo ilikuwa ya mume wangu," Bindubasini alisema.

"Ilikuwa yake. Alitangulia kufika."

"Angechomwa, angepona?"

"Sijui."

"Nani anajua? Daktari?"

"Hajui."

"Yule wa Kalkuta?"

"Hakuna anayejua, dada. Wala hatajua mtu. Kwa sababu yangu."

Mjane aliweka mkasi chini. Hakukuwa na hasira usoni mwake bado. Ilikuwa kama anatafuta mahali pa kuiweka.

"Miaka miwili nilikuwa nakuombea," alisema. "Nikisema, yule dada mpole, Mungu ampe afya. Sasa umekuja kunivurugia hata hilo. Umekuja kuniletea nini? Samahani?"

"Ndiyo."

"Huyo msichana yu hai?"

"Yu hai. Nasikia ana mtoto wa pili."

Bindubasini aliinamisha kichwa. Alikusanya vipande vya popoo vilivyokuwa vimetawanyika mapajani, akavitia kwenye kikopo kimoja kimoja, kazi ndogo ambayo aliifanya kwa muda mrefu sana.

"Usimwambie," alisema mwishoni. "Asijebeba na yeye." Kisha akaichukua sahani ya bisi, ambayo Kanaklata hakuigusa, akaingia nayo ndani, na hakutoka tena.

Kanaklata alikaa kwenye kigoda mpaka alipoona majirani wameanza kumtazama. Akainuka, akapita sokoni, magamba ya samaki yakimnasa kwenye kandambili. Kesho yake saa mbili alikuwa kazini. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mkulima aliyejikata mguu kwa mundu, na tope la shamba la juti lilikuwa bado mbichi ndani ya kidonda.